Kerewin si mgonjwa, na mie sijarogwa

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, bando likakata, halafu ikaja wiki ya majaribio, basi hata nguvu ya kuandika sikuwa nayo. Nilipanga nirudi na stori ya foleni ya kafeteria (ile foleni ina mambo yake, itakuja tu), lakini Jumatano kuna jambo limetokea kwenye semina yetu ya fasihi na tangu siku hiyo nina moto kifuani. Ngoja niutoe hapa, maana mwenzangu wa chumba amechoka kunisikiliza.

Ilikuwa zamu yangu kuwasilisha. Nilichagua The Bone People, riwaya ya Keri Hulme wa New Zealand. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limechanika, karatasi za katikati zimemwagikiwa chai. Nikaisoma mara mbili, nikaandaa maelezo, nikasimama mbele robo saa nzima najieleza. Nikamaliza. Swali la kwanza likatoka kule nyuma: "Sasa huyu Kerewin alifanywa nini utotoni?" La pili: "Kwa nini mwandishi asimwoze tu kwa Joe yakaisha?" Darasa likacheka. La tatu likatoka kwa kaka mmoja ambaye mie huwa namheshimu kwa uchambuzi wake: eti huyo mwanamke ni mgonjwa, na riwaya ingekamilika kama ingemponya mwishoni. Mwongoza semina akageuka ubaoni, akaandika: KASORO YA UHUSIKA. Akapigia na mstari.

Kasoro! Jamani.

Kwa ambao hamjaisoma, kwa kifupi. Kerewin Holmes ni mchoraji. Alishinda bahati nasibu, akajijengea mnara karibu na bahari, anaishi humo peke yake. Anavua samaki, anapika vizuri, anakunywa pombe kupita kiasi, kagombana na ndugu zake wote. Siku moja anakuta mtoto kajipenyeza ndani ya mnara. Ni Simon, mtoto asiyesema, ambaye bahari ilimtema baada ya chombo kuzama. Nyuma ya mtoto anakuja Joe, baba mlezi, Mmaori aliyefiwa na mke na mtoto wake mchanga. Joe anampenda Simon, na Joe huyohuyo anampiga Simon kipigo ambacho mie nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Hayo ndiyo mambo ya riwaya ile: kipigo, upweke, ukoo, watu waliopokwa lugha na ardhi yao. Na katikati yake kuna mwanamke anayesema wazi kwamba hajawahi kumtamani mwanamume wala mwanamke, hana hiyo njaa, na hajui kwa nini watu wanamsumbua. Joe anajenga matumaini yake. Kerewin habadiliki. Mwisho wa yote wanakuwa familia, wale watatu, na si wapenzi.

Sasa sikilizeni, maana hili nilitaka kulisema semina na kengele ikanikata. Wenzangu wanataka riwaya imponye Kerewin. Lakini riwaya ILIMPONYA. Kerewin anaugua tumbo, ugonjwa mzito, anakwenda kujifungia kibandani mlimani akitegemea kufa, na anapona. Anapatana na ndugu zake aliokuwa hasemi nao. Anajenga upya. Yaani Hulme alikuwa na dawa mkononi, akamtibu mwanamke huyu kila mahali alipokuwa anaumwa, na hili la kutotamani hakuligusa. Akaliacha kama lilivyo. Hivi mwandishi afanye nini zaidi ili mjue kwamba hakulihesabu kuwa ugonjwa? Aweke tangazo?

Na alijua anachokiandika. Hulme mwenyewe alikuwa hivyo, na alisema hivyo mwenyewe. Aliishi miaka mingi Okarito, kijiji kidogo pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, akivua, akivuta kiko chake, bila mume, bila mke, bila maelezo. Amefariki Desemba 2021 akiwa na miaka 74. Kitabu kilimchukua miaka mingi kukiandika, na wachapishaji kadhaa walikikataa au wakataka kikatwekatwe. Sitawadanganya hapa: sisemi walikikataa kwa sababu ya Kerewin. Walilalamikia urefu, walilalamikia namna kilivyoandikwa. Hulme akagoma kukikata. Mwaka 1984 kikatolewa na Spiral, kikundi kidogo cha wanawake kisicho na pesa, na mwaka 1985 kikashinda tuzo ya Booker kule London, mara ya kwanza kwa mtu wa New Zealand. Mwenyewe hakuwepo ukumbini. Wanawake watatu wa Spiral ndio waliopanda kuipokea. Naipenda sana picha hiyo, sijui kwa nini.

Kwa hiyo tangu 1985 dunia ya vitabu ina mhusika wa namna hii, wa daraja la kwanza, mwenye tuzo. Miaka zaidi ya arobaini. Na sisi bado tunauliza alifanywa nini utotoni.

Kabla sijaendelea niweke maneno sawa, maana mjadala wa Jumatano ulikuwa sambusa, kila kitu ndani. Nitatumia maneno ya kukopa mpaka wakubwa watupatie ya kwetu. Aseksuali ni mtu asiyevutiwa kimwili na mtu yeyote. Aromantiki ni mtu asiyeshikwa na mahaba, ile kupenda ya kukosa usingizi na kuandika jina la mtu kwenye daftari. Ni vitu viwili. Wapo wenye kimoja, wapo wenye vyote. Mseja si huyo: sista ameweka nadhiri, anaweza kuwa anatamani na anajizuia, na ndiyo sababu tunamsifu. Hanithi si huyo pia, pale tunazungumzia mwili. Hapa tunazungumzia mtu ambaye kitu hicho hakipo tu, kama vile mie sina hamu na mpira hata mkinikalisha jukwaa la mbele. Na hao si wawili watatu. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert wa Kanada alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, akakuta karibu asilimia moja wanasema hawajawahi kumtamani mtu yeyote. Chukueni ukumbi wetu ule mkubwa siku ya mhadhara wa pamoja, hesabuni viti, mgawe kwa mia.

Turudi kwenye vitabu. Hoja kubwa niliyorushiwa ni hii ya "mvutano". Eti mhusika asiyetamani hana mvutano, msomaji atachoka. Hoja hii haikuzaliwa kwenye semina yetu. Steven Moffat, mmoja wa waliotengeneza tamthilia ya Sherlock ya BBC, aliwahi kusema mwaka 2012 kwamba kama Sherlock angekuwa aseksuali, kusingekuwa na mvutano wala raha. Huyu ni mtu anayelipwa kutunga hadithi za mpelelezi! Mtu kauawa, mlango umefungwa kwa ndani, muuaji hajulikani, na yeye anaona mvutano hautoshi mpaka tujue kama mpelelezi anamtaka mtu. Conan Doyle alimwandika Holmes tangu 1887 bila mchumba, na watu walilia barabarani karibu wavae nguo nyeusi alipomuua. (Hilo la nguo nyeusi wengine wanasema limetiwa chumvi. Haya, lakini walimlazimisha amfufue, hilo halina ubishi.)

Na kwa nini tuende mbali? Nyie mmesoma Kusadikika. Wengi wenu mmeisoma. Karama anasimama mbele ya mfalme siku sita anajitetea kwa sababu ya kutaka kufundisha sheria, kichwa chake kiko kwenye kamba, na anasimulia habari za wajumbe waliotumwa wakarudi wakafungwa. Je, kuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwalimu, "Samahani mwalimu, mchumba wa Karama yuko wapi"? Hakuna. Hatukusema Karama ana kasoro ya uhusika. Sisemi Karama ni aseksuali, msije mkanishika shati. Shaaban Robert hakutuambia na si lazima tujue. Ninachosema ni kwamba mwanamume akikaa kurasa zote bila mpenzi tunasema ana fikra nzito. Mwanamke akikaa hivyohivyo tunatafuta nani alimharibu.

Kuna lingine linaloniudhi kuliko hili: yule mwandishi anayemleta mhusika ili amkanushe. Mwaka 2012 tamthilia ya Kimarekani ya House ilileta mke na mume waseme wao ni aseksuali, wana ndoa yao, wameridhika. Daktari House hakukubali, akaweka dau la dola mia kwamba atapata sababu ya kitabibu. Akaipata. Mume ana uvimbe kichwani unaomuua hamu, mke akakiri alikuwa anadanganya ili amridhishe mume. Mamilioni wakaangalia, wakalala wakijua kumbe hakuna watu hao, ama ni uvimbe ama ni uongo. Mwaka mmoja baadaye, 2013, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani chenyewe kilitolewa upya na maelezo kwamba mtu anayejitambua kuwa aseksuali asipewe ule ugonjwa wa kukosa hamu. Yaani madaktari wa kweli walishatoka huko. Daktari wa kuigiza ndiye aliyebaki. Na semina yetu.

Halafu kuna Jughead. Huyu ni wa vichekesho vya kuchora vya Archie, yupo tangu 1941, rafiki mwembamba mwenye kofia anayependa baga kuliko wasichana. Mwaka 2016, katika toleo lililoandikwa na Chip Zdarsky, hatimaye ikasemwa kwa jina: Jughead ni aseksuali. Watu wakafurahi. Mwaka uliofuata, 2017, ikaanza tamthilia ya Riverdale, na kabla msimu wa kwanza haujaisha Jughead anambusu Betty. Mwigizaji wake, Cole Sprouse, alikuwa amesema hadharani kwamba angetaka mhusika abaki alivyo. Hawakumsikiliza. Miaka 75 kijana anakula baga zake kwa amani, kapata jina mwaka mmoja tu, wakamnyang'anya.

Wakiachwa bila kuponywa, basi si binadamu. Hapa nina ugomvi nusu, kwa sababu baadhi ya hivyo vitabu navipenda. Murderbot wa Martha Wells, tangu kitabu cha kwanza cha 2017, hataki mapenzi wala habari za mwili, anataka aachwe aangalie tamthilia zake. Namwelewa kuliko ninavyowaelewa watu wengi wa ghorofa yangu. Lakini ni mashine! Sehemu yake nyingine ni nyama, ndiyo, lakini ni mashine ya ulinzi. Ukimwacha huyo unakutana na Dexter wa Jeff Lindsay, ambaye kwenye kitabu cha 2004 hana haja na mambo hayo, na kazi yake ya ziada ni kuua watu. Roboti, muuaji, mpelelezi mwenye ubongo wa barafu. Kila mmoja akiwa peke yake ni mhusika mzuri. Ukiwapanga foleni ndipo unaona ujumbe: asiyetamani hana moyo. Ndiyo maana Kerewin ana thamani kwangu. Ana hasira, ana ulevi, ana mikono inayopika na kuchora, anamlilia mtoto ambaye si wake. Ana moyo mpaka unamzidi.

Siku hizi hali si mbaya kama zamani, niseme haki. Loveless ya Alice Oseman ilitoka 2020, na 2021 ikashinda tuzo ya vitabu vya vijana kule Uingereza. Inahusu binti wa mwaka wa kwanza, chuo cha Durham, anayejilazimisha kupenda kwa sababu ameambiwa chuoni ndiko watu wanakopenda. Nani hapa hajapita hapo? Anagundua hapendi hivyo, na kwamba marafiki zake si chumba cha kusubiria mpenzi. Darcie Little Badger, Mwapache wa Lipan, alitoa Elatsoe mwaka huohuo. Binti yule ni aseksuali, anafufua mizimu ya wanyama, na jambo lenyewe linatajwa mara moja kama mtu anavyotaja kwamba hali nyama. Claire Kann, 2018, akaandika binti mweusi wa chuo anayeachwa na mpenzi wake kwa sababu hataki mambo ya kitandani, halafu anampenda mtu mwingine tena kwa nguvu zote.

Lakini angalieni ni mlango upi umefunguliwa. Mchapishaji ameshaelewa kwamba aseksuali anayependa anauzika, kwa sababu mwisho wa kitabu bado kuna wawili wameshikana mikono, jalada linaweza kuchorwa. Aromantiki ndiye anayeachwa barazani. Ukikataa mwili tunakuvumilia. Ukikataa na mahaba, duh, hapo unaambiwa kitabu hakina mwisho. Claudie Arseneault, mwandishi wa Quebec, aliwahi kukusanya orodha ndefu ya wahusika hawa katika hadithi za kubuni, na ukiipitia utaona wengi wanatoka kwa wachapishaji wadogo au kwa waandishi wanaojichapia wenyewe. Ni Spiral ileile ya 1984, imebadilika majina.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu. Keri Hulme alijihesabu Mmaori wa Kāi Tahu. Sherronda J. Brown, aliyeandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2022, ni Mmarekani mweusi, na anaeleza vizuri jinsi mtu mweusi asivyoaminiwa akisema hatamani, kwa sababu walishatuamulia zamani kwamba sisi ni tamaa tupu. Lakini hata hao siwahitaji kujibu. Kwetu Tanga jambo hili lina jina kabla hata sijazaliwa. Linaitwa jini mahaba.

Likizo iliyopita nilikuwa na miaka 23. Mjumbe alikuja nyumbani, mtu mzuri, anafanya kazi bandarini, amelelewa. Nikasema hapana. Si kwa sababu nina mwingine. Shangazi akaniuliza nani basi. Nikamwambia, "Shangazi, hakuna." Akasema hakuna sasa, au hakuna tangu lini? Nikamwambia ukweli: tangu mwanzo. Hajawahi kuwepo. Shikamoo zangu zote na adabu zangu zote hazikunisaidia siku ile. Bibi akashika tama. Wakakaa kikao, wakaafikiana kwamba nina mume wa kijini, ndiye anayenifungia njia. Nikapelekwa. Nimefukizwa ubani mpaka nikakohoa damu ya puani, nimekunywa kombe siku saba, nimeogeshwa saa ambazo chuoni huwa ndo nalala. Hawakunifanyia kwa ubaya. Bibi alilia. Yeye anaamini kuna mtu amekaa juu ya mjukuu wake na anataka kumwondoa.

Sasa nyie wasomi wa Jumatano, niambieni, mna tofauti gani na Bibi? Bibi kasema jini. Nyie mmesema kiwewe cha utotoni. House kasema uvimbe. Wote mnatafuta aliyeniingia ni nani. Tena Bibi ana udhuru, hakupewa kitabu. Nyie mlipewa, kina kurasa zaidi ya mia nne, na mwanamke yule anawaambia kwa mdomo wake hali yake ni ipi, na bado mnaruka juu ya maneno yake kutafuta sababu. Tumefundishwa mwaka wa kwanza: soma kilichoandikwa. Mhusika akisema ana njaa tunaamini ana njaa. Akisema hana, tunampeleka kwa mganga?

Sikuyasema haya semina. Nilikaa kimya, nikakunja karatasi zangu, nikasema asanteni kwa maoni. Kwa hiyo nayasema hapa, na najua wanne au watano kati yenu mnasoma, na kaka yule anasoma. Sina ugomvi na wewe kaka. Ila kabla hujaandika insha yako, rudi kwenye sehemu ile ya kibanda cha mlimani uhesabu anaponywa vitu gani.

Insha yangu mie nakabidhi Ijumaa. Nimefuta kichwa cha habari mara tatu. Kitabu chenyewe sinacho kwa sasa, mwenzangu wa chumba amekichukua tangu jana usiku, anasoma kwa tochi ya simu huku kajifunika shuka kichwani. Leo alfajiri kanishtua kuniuliza kama Joe atamuoa. Nikamwambia alale, ana kipindi saa mbili.